Samaki anadonoa lakini hanasi: nachelewa kuvuta ama nawahi?

#1 MtoNjoro
Wadau habari za jioni. Niko Nakuru, kazi ya kukaa kwa kiti wiki nzima, kwa hivyo Jumamosi ikifika mimi huyo mtoni. Nilianza uvuvi wa flai mwaka jana, hii ya uzi mzito na ndoano iliyofungwa manyoya, si ya nyungunyungu. Kurusha sasa naweza. Mwanzoni jamaa aliyenifundisha alikuwa ananiambia napiga hewa kama mtu anafukuza ng'ombe shambani, lakini siku hizi uzi unatua bila kelele.

Shida iko hapa. Jumamosi iliyopita nilikuwa Kiptiget kule Kericho, nikaweka flai ndogo ya kuzama na juu yake kiboya cha sufu ya rangi ya machungwa. Kutoka saa moja asubuhi hadi saa sita kiboya kimeshtuka mara kumi na nne, nimehesabu. Kumi na nne! Trauti niliyetoa ni mmoja, na huyo naye alijinasa mwenyewe wakati nimeweka rodi chini nafungua thermosi ya chai. Wale wengine nikivuta napata hewa tu, flai inaruka nyuma inashika mti. Sasa nauliza, nachelewa ama nawahi? Rafiki yangu niliyeenda naye anasema nawahi, mzee mmoja tuliyempata huko akasema nachelewa sana. Nimwamini nani?

#2 JaDunga
Omera unachelewa. Imeisha hiyo. Mwenye uzi afunge uzi.

#3 Fundi_wa_Flai
JaDunga usifunge uzi bado umelegea 😂

MtoNjoro mimi nafunga hizi flai za kuuza ng'ombo (ng'ambo, simu hii), ni kazi ambayo vijana wengi hapa Kenya wanaifanya, na kabla sijaanza kuuza nilikuwa navua nazo kwa hivyo sikuambii ya kusikia. Trauti hana mikono. Akitaka kujua kitu ni chakula ama ni takataka lazima akitie mdomoni, na akiona si chakula anakitema papo hapo, hata sekunde moja haiishi. Sasa wewe unaangalia kiboya. Kati ya kiboya na flai kuna uzi mwembamba karibu mita moja na nusu hivi, na huo uzi chini ya maji haujanyooka kama rula, umejipinda kwa sababu maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini. Kwa hivyo samaki anachukua, uzi unaanza kunyooka, NDIO kiboya kinashtuka, ndio jicho lako linaona, ndio mkono unaamka. Wakati huo yeye ashatema kitambo na ako kwa shughuli zake.

Dawa ni usingoje kiboya kizame. Kikisimama kidogo kama kimesahau kitu, vuta. Kikipunguza mwendo vuta. Kikilala upande, vuta. Nusu ya hizo zitakuwa mawe na majani, sawa, lakini zile zingine zina samaki.

#4 Kaptein_Usenge
Napingana na wote wawili hapo juu. Kijana anawahi. Mimi ni mtu wa ziwa, nimevua mumi (kambare) tangu niko darasa la nne, na mumi ukimvuta akidonoa tu umemfukuza. Anaonja, anaachilia, anarudi, anabeba, anaanza kutembea nayo. Akishatembea ndio unavuta na hapo hata mtoto anamtoa. Haraka ya nini? Samaki ashakuja kwako mwenyewe!

#5 Fundi_wa_Flai
Kaptein kwa heshima zote, mumi wako anakula nini? Utumbo wa kuku, sabuni, nyungunyungu. Vitu viko na harufu na ladha. Akionja anapenda, atarudi. Hii yangu ni nyuzi, waya na unyoya wa jogoo. Akionja anakuta ni nguo. Wewe ukiuma sambusa ukute iko na pamba ndani utatembea nayo?

#6 Kaptein_Usenge
Inategemea njaa

#7 MamaFulu
Nimecheka hapo kwa sambusa.

Ngoja niulize kitu hamjauliza, kwani nyinyi wanaume mkiona kiboya kimeshtuka lazima awe ni samaki mkubwa? Mimi nimekulia Kisumu, tulikuwa tunavua na mwanzi pale kwa mawe tukitoka shule. Ukiweka ndoano kubwa, fulu, vile visamaki vidogo vya ziwa, wanakuja kumi wanadonadona kile chambo, floti inacheza densi, unavuta unavuta hakuna kitu, mpaka chambo kinaisha. Si kwamba tulikuwa tunachelewa. Mdomo wa fulu hautoshei ile ndoano! Tulibadilisha tukachukua zile ndogo kabisa ndio tukaanza kubeba za kukaanga. Hata nyamami (sato), mwili mkubwa lakini mdomo mdogo, anadokoa kama mgeni anayeona haya mezani.

Kwa hivyo labda kati ya hizo kumi na nne zako, kumi ni visamaki vidogo vya urefu wa kidole. Umeshaangalia maji kweli ukaona ni nini iko hapo chini?

#8 MtoNjoro
Asanteni. MamaFulu, ndoano yangu ni namba 14, ni ndogo kama punje ya mchele. Na maji sikuangalia, kuongea ukweli nilikuwa naangalia kiboya tu. Kuna vitu vidogo viliruka kando ya mawe lakini nilidhani ni vyura.

#9 Naivasha_Peke
Mimi ni jirani, kaunti moja na wewe. Huku ziwani nawinda basi, na wacha nikuambie kosa lako si wakati, ni MKONO. Unainua rodi juu si ndio? Kila mtu aliyejifunza kwa trauti anainua rodi. Ukija kwa basi na hio tabia utalia. Basi ako na mdomo mkubwa na mgumu, ukiinua rodi ile ncha laini inapinda inameza nguvu yote, ndoano inaguswa tu kwa midomo, anatikisa kichwa mara moja anaitema. Unaacha rodi imeelekea samaki, chini karibu na maji, alafu mkono wa kushoto unavuta uzi kwa nguvu mpaka usikie uzito. Ukisikia uzito ndio unainua.

#10 Mtazamaji47
"nawinda basi" 😂😂😂 ile ya Nakuru Kisumu ama ya usiku ya Busia?

#11 Naivasha_Peke
Basi acha utani basi. Ni samaki wa Marekani, waliletwa Naivasha miaka ya 1920 kwa ajili ya hawa watu wa michezo. Siku hizi wamepungua, ziwa limejaa samaki anaitwa kapu ambaye alionekana hapa karibu mwaka 2000. Na kapu ndio mwalimu wa hili swali lako MtoNjoro. Yeye hadonoi, anafyonza. Anafyonza matope na kila kitu kilicho ndani, anachuja, anatema kisicholiwa, na wewe mkononi husikii chochote, hata kidogo. Nimewahi kusimama kwa maji yamefika magotini namwona kwa macho yangu, mdomo umefunguka kama mfuko, flai ikaingia, flai ikatoka. Uzi haukutingika. Kama singekuwa namwona ningekuambia leo samaki hawali.

#12 DaktariMshipi
Hilo la kuinua na kuvuta nimelipima. Sina digrii ya samaki jina ni la utani. Nilichukua ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki sokoni, nikaifunga kwa mti wa mpera nyuma ya nyumba, nikafunga uzi wa flai kwa ile ndoano ya mizani, nikarudi nyuma hatua kama kumi na tano. Bibi akasimama karibu na mti anisomee mshale. Nikainua rodi vile huwa nafanya mtoni, kwa bidii kabisa. Bibi akasema "anza basi." Nikamwambia nimeshaanza na nimemaliza. Mshale haukufika hata robo kilo! Alafu nikaelekeza rodi kwa mti nikavuta uzi kwa mkono, mshale ukapita kilo bila shida na maembe yakaanguka.

#13 MamaFulu
Mpera ukaangusha maembe? 😳

#14 DaktariMshipi
Mapera. Nimesema mapera.

#15 Mtazamaji47
Mizani yenyewe sasa siiamini.

#16 Fundi_wa_Flai
Daktari kipimo kizuri lakini usimpoteze kijana. Kwa trauti anatumia uzi wa mbele mwembamba, kama ni wa 5X hio ni unene wa milimita 0.15 hivi. Akivuta kwa mkono kama anavuta punda, trauti akiwa anakimbia upande ule mwingine, unakatika paa. Ile ncha laini inayomeza nguvu ndio inaokoa uzi. Na ndoano namba 14 ni waya mwembamba, haihitaji kilo kuingia. Basi wa Naivasha, mbuta (sangara) wa Victoria, hao sawa, vuta kwa mkono, ndoano zao ni nene. Trauti inua. Si kuinua kama umeumwa na siafu lakini, ni kukunja kiwiko tu, kama mtu anainua simu aangalie nani anapiga.

#17 OmwamiNzoia
Mulembe wadau. Nimesoma zote na hakuna aliyeuliza swali la maana: ulikuwa umesimama wapi? Juu ya samaki ama chini yake?

Samaki wa mtoni anaangalia maji yanakotoka, kichwa juu mkia chini, mara nyingi. Ukisimama chini yake (kwa mkia) ukirusha kuelekea juu, ukivuta unaivuta flai kuingia pembe ya mdomo wake, inanasa vizuri. Ukisimama juu yake ukivuta unaitoa flai mdomoni kama mtu anamnyang'anya mtoto kijiko. Ni hesabu ya njia tu haina uhusiano na kuwahi ama kuchelewa.

Mimi navua fwani, samaki wa mtoni wa huku kwetu, hapa mto Nzoia, maji yakiwa safi lakini, mvua ikinyesha huko juu mto unakuwa chai ya maziwa na hapo flai haionekani rudi nyumbani. Narusha upande upande naacha uzi ukaze ubebwe na mkondo hadi ng'ambo. Fwani akija hakuna kuuliza amekuja ama hajakuja. Anagonga kama mlango wa askari. Na hapo mimi SIVUTI. Uzi ushakaza, yeye anageuka na flai kurudi kwa kina chake, ile kugeuka ndio inamnasa. Nikivuta namnyang'anya. Nimepoteza fwani wangapi kwa kuvuta, sitaki kukumbuka, kuna mmoja chini ya daraja bado namuota.

#18 Kaptein_Usenge
SI NDIO NILISEMA. Usivute. Asante omwami.

#19 Fundi_wa_Flai
Hakusema hivyo Kaptein, amesema kwa uzi uliokaza. MtoNjoro uzi wake umelegea ndio maana ameweka kiboya. Ni uvuvi mbili tofauti.

#20 Kaptein_Usenge
Wewe Fundi una jibu kwa kila kitu kama mhubiri wa matatu

#21 TaiWaMenengai
Wacha niongeze ya flai inayoelea juu, hii mnaona samaki kwa macho. Hapo hata mimi nasema ngoja. Trauti mkubwa anapanda polepole, anafungua mdomo, anafunga, anashuka. Ukivuta akiwa amefungua tu, flai inatoka safi. Watu wa New Zealand wako na desturi ya tangu enzi za malkia Elizabeth, akichukua wanasema kwanza kimoyomoyo yale maneno matatu manne ya kumwombea malkia wa Uingereza, ndio wanainua rodi. Wale wadogo wa mito ya mlimani lakini ukisubiri malkia wameshahama.

#22 Mtazamaji47
Sisi huku tuseme nini? Bwana asifiwe? Akijibu amina unavuta.

#23 MamaFulu
Huyo mtu wa 22 apewe zawadi 😂

#24 Bonde_Mzee
Nyinyi vijana mnaongea juu ya trauti kama ni wa babu zenu. Hao waliletwa na Delamere, yule mlowezi, mwaka 1930 wakatiwa mito yote. Mbuta naye aliletwa miaka ya 80 akamaliza fulu. Samaki wa kuletwa hawana adabu ndio maana hawanasi.

#25 TaiWaMenengai
Mzee shikamoo lakini hapo umechanganya. Trauti wa kwanza ni wa Grogan, mlowezi Mwingereza, mwaka 1905, alileta mayai kutoka Scotland akayatia mto Gura kule Aberdare. Na mbuta alitiwa ziwani miaka ya 50 na mapema 60, ile miaka ya 80 ndio aliongezeka ghafla watu wakashtuka na fulu wengi wakaisha.

#26 Bonde_Mzee
Marahaba. 1905 1930 ni mulemule. Lakini mbuta nakubali nilikosea, nilimwona mara ya kwanza sokoni miaka ya 80 nikadhani ndio amefika.

#27 JaDunga
Nimerudi. Sikujua mtaandika kitabu. Sasa niongee kama mtu mzima.

Nilisema unachelewa na bado nasema lakini wacha nieleze. Babu yangu alikuwa anavua na uzi wa mkono, hakuna rodi hakuna kiboya. Jioni, ndani ya boti, gugu maji limezunguka mpaka unaona ni shamba. Alikuwa ananifundisha hivi: uzi unapita juu ya kidole cha shahada, kidole chenyewe kimelowa maji, si kikavu, kwa sababu ngozi ikilowa inalainika inasikia zaidi. Alafu anafunga macho. Kweli kabisa, anafunga macho. Mimi nikimuuliza babu unalala anasema nyamaza nasikiliza. Kuna ile kugonga, tk, tk, hio ni fulu wacha. Kuna ile kama uzi umekuwa mzito kidogo, kama mtu ameweka unyoya juu yake, hio ndio nyamami amechukua, na hapo alikuwa anavuta kabla sijajua kumetokea kitu. Alafu kuna ile ambayo uzi unakuwa MWEPESI. Hakuna uzito kabisa. Mimi nilikuwa nadhani ameenda, kumbe samaki amebeba anakuja upande wetu. Hio ndio wengi hawajui, mnangoja kuvutwa, na yeye anakuletea mwenyewe. Babu alikuwa anakusanya uzi mbio mbio mpaka akutane naye ndio anavuta.

Kwa hivyo MtoNjoro shida yako ni macho. Umeajiri kiboya kifanye kazi ya kidole. Toa kiboya, shika uzi.

Na kamongo nisiulizwe. Kamongo hadonoi anasaga, ako na meno kama koleo, usipoweka waya mbele anakata uzi unabaki ukishangaa. Nilimngoja mmoja karibu na mafunjo, huyu anapanda juu kupumua hewa kwa hivyo unajua mahali alipo, nikasubiri vile Kaptein anasema, nikasubiri, akatembea na chambo, nikavuta, nikapata kipande cha uzi kimechanwa kama mswaki wa mti. Kiboko akacheka pembeni nikarudi nyumbani.

#28 MtoNjoro
JaDunga hio ya uzi kuwa mwepesi imenigusa, nakumbuka mara mbili kiboya kilikuja upande wangu haraka kuliko maji na nikadhani ni upepo. Asante sana.

#29 OmwamiNzoia
Kidole hakiwezi kusikia kitu kwa uzi uliolegea mtoni jamani. Ziwa limetulia, uzi uko wima. Mtoni mkondo unapiga uzi saa zote, kidole kitasikia mto tu.

#30 JaDunga
Basi ukaze uzi. Inua rodi juu, flai izame karibu na wewe, uzi wote uwe nje ya maji. Nimeona Wazungu wakifanya hivyo kwa video na hawana kiboya.

#31 Fundi_wa_Flai
Hapo JaDunga yuko sawa, hio njia ipo na inakamata. Lakini lazima uwe karibu na samaki, na trauti wa Kiptiget akiona kivuli chako ameenda.

#32 DaktariMshipi
Swali moja tu kwa mwenye uzi. Ndoano uliinoa lini?

#33 MtoNjoro
Kunoa? Ilikuwa mpya.

#34 DaktariMshipi
Chukua hio flai sasa hivi. Weka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, usibonyeze, iache tu na uivute polepole. Ikikwama kwa ukucha ni kali. Ikiteleza ikaacha mstari mweupe, ni butu, na hata ungevuta saa ngapi ingeteleza mdomoni hivyo hivyo.

#35 MtoNjoro
Nimerudi. Imeteleza 😔

Nimewasha tochi ya simu nikaangalia karibu, ncha imepinda kama ukucha wa kuku, ndogo sana huwezi kuona mchana ukiwa haraka. Flai ni ile ile nilitumia siku nzima, sikubadilisha hata mara moja kwa sababu ndio ilikuwa inadonolewa.

#36 Naivasha_Peke
Aaaah. Mawe ya Kiptiget. Kesi imefungwa.

#37 Kaptein_Usenge
Wacheni nicheke. Fundi si ndiye alisema vuta kila kitu, nusu itakuwa mawe, si shida? Ushauri wa kugonga mawe ndio umeharibu ndoano.

#38 Fundi_wa_Flai
Ushauri wangu nimeutoa juzi, ndoano iliharibika Jumamosi!! Kalenda si iko? Lakini nakubali ningesema uangalie ncha kila baada ya jiwe, hapo nilipuuza. Kuna watu pia wanabana kile kijino cha nyuma ya ncha na koleo, inaingia rahisi zaidi na samaki unamrudisha bila kumuumiza. Ukifanya hivyo usiache uzi ulegee hata kidogo ukishamnasa.

#39 MamaFulu
Lakini butu haielezi zote. Kama ndoano ilikuwa butu ungesikia uzito kidogo alafu itoke. Alisema anapata hewa. Mimi bado niko kwa visamaki vidogo.

#40 MtoNjoro
Sasa niwape ripoti nimetoka leo. Nimefanya yote. Nimenoa ndoano, nimebana kijino, nimesimama chini nikirusha juu, nimefupisha uzi chini ya kiboya, na nimevuta kila kiboya kikisita. MamaFulu nimeangalia maji pia, kwa dakika kumi kabla sijarusha, na kweli kando ya mawe kuna visamaki vya kidole vingi mno, nimeviona vikiigonga flai mpaka kiboya kinacheza.

Kushtuka: tisa za wazi. Trauti: watatu. Wawili nilivuta hapo hapo. Wa tatu, huyu ndiye mkubwa, nilikuwa nimekanyaga jiwe la utelezi nikashika mti na mkono mmoja, nilipogeuka kiboya hakipo, sijui kimekaa chini muda gani, nikainua rodi yuko ndani.

#41 Kaptein_Usenge
Mkubwa alingojewa. Sitaongeza neno.

#42 Fundi_wa_Flai
Wawili dhidi ya mmoja Kaptein.

#43 Kaptein_Usenge
Pima kwa kilo si kwa vichwa

#44 DaktariMshipi
MtoNjoro umebadilisha vitu vitano siku moja, sasa tutajuaje ni gani imesaidia? Ungebadilisha kimoja kimoja.

#45 MtoNjoro
Daktari petroli ya Nakuru Kericho unaniletea wewe?

#46 OmwamiNzoia
Alisimama chini akarusha juu. Nasema tu.

#47 MamaFulu
Hao watatu wako wapi sasa? Trauti huwa mnampika vipi, mimi sijawahi kula. Nyamami namjua, chumvi, mafuta yakiwa moto kweli ndio unatia, usimguseguse mpaka upande mmoja ukauke, alafu nyanya na dania na ugali wa wimbi.

#48 MtoNjoro
Wadogo nimerudisha. Mkubwa nimemchoma kwa jiko na limau tu, nyama yake ni laini kama ya ndezi.

#49 Bonde_Mzee
Ndezi ukamla lini wewe wa ofisi

#50 JaDunga
Njoo Dunga huku Kisumu mwezi ujao nikuweke kwa boti, tufunge macho. Kiboya ukiache Nakuru. Lakini ile thermosi ubebe, naona ndio chambo chako cha kweli, samaki wa kwanza alikuja ukiifungua.

#51 Mtazamaji47
Hio thermosi pia nimeifikiria usiku. Mkuu, ilikuwa chai ya maziwa ama ya rangi?

#52 MtoNjoro
Ya rangi. Na tangawizi.